Programu Iliyo Wazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu, Kamati Ndogo na Kamati ya Kuunganisha Kamati. Mafundi simu, mafundi redio, mafundi cherehani. Mama yangu mzazi, shikamoo mama. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemruka, basi huyo ndiye niliyemheshimu zaidi. (Makofi, safu ya mbele.)

Mimi, Mratibu Mkuu wa Mpango Shirikishi wa Mashine Zetu, Programu Zetu, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao wataalamu wamethibitisha ni mkubwa kuliko wa mtangulizi wangu, ili nizindue programu iliyo wazi, isiyo na nywila wala siri, itakayotukomboa na kampuni za mbali, zinazotuuzia mashine kisha zikabaki na ufunguo. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri... haisitiri mwili. (Ukumbi kwa pamoja: "Matako." Kicheko kirefu.) Nashukuru kwa mchango huo wa wadau.

Mfano hai tunao. Mama fundi yule, karibu na mlango, alinunua cherehani ya kudarizi, ya kompyuta. Kampuni ikafunga ofisi, seva ikazimwa, na mashine ikagoma: kila akiiwasha inamdai nywila ya watu ambao hawapo tena. Ana nembo za sare za shule nzima, na mwalimu mkuu kamwambia zisipofika Jumatatu, kazi anapewa mwingine. Mama, simama watu wakuone. (Anasimama.) Pole sana. Kaa. (Hakai.)

Kwa kuzingatia changamoto kama hizo, ofisi yangu iliandaa fremuweki jumuishi, ikafanya semina elekezi, kisha semina ya kutathmini semina, na utafiti umeonyesha kwamba wananchi wanatuamini kwa asilimia mia moja na nne, kwa kuwa wapo waliotuamini mara mbili. (Sauti kutoka nyuma: "Debe tupu.") Nimekusikia, ndugu yangu, na debe hilo tutalijaza data.

(Mama fundi: "Samahani baba. Mimi nimebonyeza kwenye simu pale mlipotuambia tubonyeze, kikafunguka kioo cheupe. Programu yenyewe iko wapi?")

Iko wazi, mama.

(Mama fundi: "Wazi vipi? Hamna kitu.")

Sasa mama, tusaidiane lugha. Mwenye nyumba akikuambia kuna chumba kiko wazi, ukiingia unataka ukute vitanda vya watu? Sisi tuliahidi programu iliyo wazi, na kila aliyeifungua amekiri kwa kinywa chake kwamba iko wazi. Kuna ofisi ngapi zinazotimiza ahadi kwa neno lilelile? (Makofi, mtu mmoja. Anaacha.)

(Mama fundi: "Mie nauliza Jumatatu.")

Jumatatu ipo, mama, na ofisi yangu haina mpango wa kuizuia. Subira yavuta heri. Tuendelee na kaulimbiu, tuchangamke kidogo. Nikisema programu, mseme zetu. Nikisema siri, mseme hatuna. Siri! (Ukumbi: "Hatuna.") Siri! (Ukumbi: "Hatuna.") Programu! (Ukumbi: "Hatuna.") Hapana, hapo mmechanganya, lakini ari ninaiona.

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wataalamu walioandika programu hii, ambao tutaanza kuwatafuta mara tu uzinduzi utakapokamilika. Naushukuru ukuta huu kwa kubeba pazia la uzinduzi, ambalo naomba msilivute, kwa sababu nyuma yake ni huohuo ukuta. Na kipekee namshukuru mama fundi, aliyelidarizi pazia lenyewe kwa mkono, kwa kitambaa chake, akaziacha sare kwa muda, kwa kuwa tulimwambia mashine yake ndiyo itakayofunguliwa ya kwanza. Maua yametoka vizuri sana, mama. (Mama fundi anapita katikati ya viti, anapanda jukwaani, analishusha pazia na kuanza kulikunja.) Mama, acha, hiyo ni mali ya Mpango.

(Mama fundi: "Kitambaa changu, uzi wangu, mkono wangu. Mpango umeweka nini?")

Asanteni kwa kunisikiliza.