Bwana Jibu na Kengele ya Tangi

Jumatatu, tarehe 4

Nimeonewa! Naandika kwa hasira.

Chuo kimetangaza hakathoni. Siku tatu ukumbini, wanafunzi wawili wawili, kila jozi itengeneze kitu cha kompyuta chenye manufaa, Alhamisi majaji wapite meza kwa meza. Hapo sina neno. Mashindano ndiyo maji yangu. Lakini mwalimu wa mradi kaniita pembeni, pembeni yenyewe imejaa watu, akanikumbusha kwamba mradi wangu wa mwaka jana ulipata sifuri, na wa mwaka juzi haukuonekana kabisa. Eti hii ndiyo nafasi ya mwisho. Nikionyesha kitu kinachofanya kazi, nimefaulu. Nikishindwa, nifungashe.

Kufungasha maana yake kwa mjomba. Mjomba ni fundi makochi. Kigoda changu keshakiweka mlangoni, na gunia la sponji la kukatakata. Sponji linanipigisha chafya. Siendi!

Halafu angalia nilivyopangiwa mwenzangu. Miwani! Msichana haongei, anahesabu tu. Anataka tutengeneze kengele ya tangi. Kweli, tangi la juu ya bweni hufurika kila wiki na maji hushuka ngazini kama mto. Kwa hiyo maji yakikaribia ukingo, kengele ilie, fundi bomba akimbie kufunga. Basi. Kengele! Kijana mwenye kipaji kama mimi niwapigie majaji kengele, kwani mimi muuza aiskrimu?

Nikampa wazo la kiume: Bwana Jibu. Mashine inayoongea. Unaiuliza jambo lolote la chuo, inakujibu kwa sauti. Miwani kasema siku tatu hazitoshi. Nikasema kwa mwenye kichwa zinatosha. Akaniuliza nimewahi kuandika programu ngapi. Dharau hiyo.

Jumanne, tarehe 5

Miwani kaenda kwa mwalimu wa mradi kuomba tutenganishwe. Yeye ndiye kaomba! Nilikuwa niombe mimi. Mwalimu kamwambia jozi ni jozi, fomu zimeshapelekwa, jina halifutwi. Basi kachukua waya zake na betri zake, kapanda juu ya bweni. Nikampigia kelele kutoka chini kwamba asisahau ndoo. Hakucheka. Hana ucheshi.

Meza ya jirani yupo Kaka Pasi. Shati lake lina mikunjo miwili tu, yote aliiweka mwenyewe kwa pasi. Anatengeneza programu ya kutafuta vitu vilivyopotea. Kila anayepita anamsifia. Kalamu yangu imepotea tangu asubuhi, mbona hajaiona?

Mimi nimekaa na kompyuta tangu saa tatu. Imeniandikia makosa arobaini na moja, kwa rangi nyekundu. Sijawahi kutukanwa na chombo kiasi hicho.

Saa nane wazo likanishukia. Mashine inahitaji nini? Ubongo, masikio na sauti. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anavyo vyote vitatu, hasa sauti. Yeye hutangaza bei sokoni kwa kipaza. Nikimtia ndani ya katoni la friji, ratiba ya chuo mkononi na kurunzi mdomoni, nani atajua? Nimemwendea. Kakataa mara mbili. Nikamwambia hii ni teknolojia. Kakubali.

Jumatano, tarehe 6

Katoni limependeza! Nimelipaka rangi ya fedha, nikabandika vitufe vya rimoti mbovu, mbele nikatoboa tundu nikalifunika kitambaa cheusi. Nimewaambia watu wasisogee, eti mionzi. Wamesogea mbali mno, wengine wamehama meza.

Majaribio ya asubuhi nusura yaue mtu. Ndani kuna joto kama tanuri. Binamu kalalamika kwamba kurunzi mdomoni inamfanya aongee kama mgonjwa wa meno. Nimemruhusu aishike. Pia nikamtafutia feni ndogo, lakini soketi hakuna. Nikaona waya wa umeme wa Kaka Pasi. Yeye alikuwa kaenda kunywa chai. Nikauazima kimyakimya, na kompyuta yake ikazimika. Nafurahi kidogo, nakiri.

Kaka Pasi karudi. Nilijiandaa kwa ugomvi, hata mikono ya shati nimeshakunja. Unajua alichofanya? Kaniambia samahani ndugu yangu, kama unahitaji waya ninao mwingine, huo uliochukua ni mfupi. Akaniletea! Akanifungia na feni! Mtu wa namna hiyo utaishi naye vipi? Matusi ningeyavumilia.

Miwani kashuka juu ya bweni kalowa, kaliona katoni, kalisikia likikohoa. Kasema nikitaka, niende naye juu nikashike ngazi angalau. Mimi! Kiongozi wa kundi nishike ngazi!

Alhamisi, tarehe 7

Siandiki. Nina hasira.

Naandika.

Majaji walikuwa watatu. Wawili siwajui. Mwenyekiti wao, ee Mola, nani kamwalika? Mwalimu mkuu wetu wa shule ya msingi! Mstaafu yule, bibi mfupi wa sauti ya chuma, aliyetufundisha mimi na Binamu hesabu tukiwa tumesimama kwa sababu kukaa hatukustahili. Nikainama kwa katoni, nikanong'ona kwamba mambo yako sawa. Sikumwambia nani amekuja. Nilimhurumia.

Mwanzo ulikuwa wa dhahabu. Jaji wa kwanza kauliza maktaba hufungwa saa ngapi. Bwana Jibu kanguruma: saa kumi na moja jioni, isipokuwa Jumapili. Watu wakapiga makofi! Jaji wa pili kauliza ofisi ya mhasibu iko wapi. Likajibu, tena likaongeza kwamba foleni ni ndefu na karani mkali. Vicheko. Kaka Pasi mwenyewe kaacha meza yake kuja kutazama. Nikamwaza mjomba akikatakata sponji peke yake, uzeeni. Nikatabasamu.

Mwenyekiti akasogea. Hakuuliza swali. Alikuwa anatusalimu tu sisi tuliosimama, kwa ile sauti ya mlangoni mwa darasa:

"Hamjambo?"

Katoni likasimama! Wima! Likaota miguu miwili yenye ndala, likapaza sauti ukumbi mzima:

"Hatujambo! Shikamoo mwalimu!"

Feni tu ndiyo ilisikika.

Mwalimu mkuu kaitikia marahaba, bila kushtuka hata kidogo. Akalisogelea katoni, akalitaja jina la baba yake Binamu, akauliza kama mtoto yule sasa anaijua saba mara nane. Katoni likaanza kutetemeka. Mimi kwa moyo wa kusaidia nikanong'ona: hamsini na nne! Likasema hamsini na nne. Mwalimu kageuka taratibu, kanitazama, kasema kumbe bado mko wote wawili.

Ukumbi ulicheka mpaka madirisha yakatikisika. Nilikuwa natafuta pa kuingia, lakini katoni lilikuwa limejaa.

Na hapo hapo, nje, kengele ikalia. Ngriii! Fundi bomba akapita dirishani mbio na spana mkononi. Majaji wakatoka kutazama, ukumbi ukawafuata. Tangi lilikuwa limejaa hadi chini ya ukingo, maji yamesimama hapo. Ngazi kavu! Fundi bomba kamshika Miwani mkono kwa mikono miwili, kasema miaka sita anafagia maji yale.

Kengele ikawa ya kwanza. Kengele! Kaka Pasi wa pili. Kanipa pole, na kalamu yangu. Kaiokota Jumanne chini ya meza yangu. Sina hamu naye.

Ijumaa, tarehe 8

Habari zimegeuka! Jina langu limo kwenye fomu ya mshindi, jozi ni jozi. Kumbe Miwani alishinda kwa bahati ya jina langu.

Lakini uonevu hauishi. Mwalimu wa mradi kasema nitafaulu kama nitaeleza mwenyewe, kwa mdomo, kengele ile inavyofanya kazi. Jumatatu, saa nne, ofisini kwake. Na mwalimu mkuu kajitolea kuja kusikiliza! Bibi mzima hana kazi nyingine?

Miwani kasema ni rahisi, saa moja tu atanifundisha yote, kesho asubuhi. Saa nzima, Jumamosi! Nimemshukuru, nikamwambia nina shughuli.

Ninayo kweli. Ofisini kwa mwalimu wa mradi kuna kabati la mafaili, kubwa, karibu tupu, liko nyuma kabisa ya kiti cha mwanafunzi. Binamu anaenea. Nimempima kwa kamba. Maelezo ya Miwani, niliyonakili daftarini mwake, atakuwa nayo kwa maandishi, ataninong'oneza.

Safari hii sikuacha mwanya. Nimemkalisha, nimemwapisha: hata akisikia "Hamjambo" mara kumi, kimya. Kaapa. Kisha kaniuliza, je, mwalimu akiaga?

Swali gani hilo? Nimemwambia akiagwa aitikie. Tusije tukaonekana hatuna adabu.