Rosalind Lazima Afike Baharini Jumapili

Jumatatu, 8 Juni

Asubuhi njema ajabu. Nimeketi ndani ya Rosalind, mlango wa banda wazi, manyunyu nje. Sijawasha kitu. Nimeshika usukani tu, macho nimefumba. Tukapita mji wa Welshpool kwa mwendo mzuri, kondoo wakitugeuzia shingo. Tulipovuka Dolgellau nikaanza kunusa bahari. Nilikuwa napunguza gia kwenye kona wakati mke wangu Muriel alipogonga boneti kwa mwiko na kuniuliza leo nimefika wapi.

Nikasema nakagua klachi. Akasema klachi haikaguliwi kwa kutabasamu.

Rosalind ni gari la spoti la mwaka 1959. Jekundu, viti viwili, paa la turubai. Nilimnunua mwaka ule binti yetu Tamsin alipoanza chekechea. Tamsin sasa ni daktari wa meno kule Leeds. Muda wote huo Rosalind amesafiri mara moja tu, juu ya trela, siku niliyomleta nyumbani.

Saa ya chai, msiba. Muriel akaweka kikombe chini akatangaza kwamba amengoja vya kutosha. Eti nilimwahidi kumpeleka Barmouth, kule pwani ya Wales, paa wazi, upepo kwenye nywele, na nywele zenyewe zimekwisha kuwa nyeupe. Ama Rosalind ampeleke baharini Jumapili hii kwa magurudumu yake mwenyewe, ama Jumatatu anachukuliwa na Hedley Poyner. Wameshazungumza.

Hedley Poyner! Jirani wa ng'ambo ya ua wa miti! Mtu anayepiga pasi leso ya kufutia oili! Gari lake huwaka mara ya kwanza, kila siku, kwa makusudi kabisa, ili mimi nisikie.

Nikamwambia Muriel kwamba kimebaki kidogo tu. Akacheka hadi akashika meza. Sikupenda kicheko kile.

Jumanne, 9 Juni

Kazi imeanza. Muriel alipokwenda mazoezi ya kwaya nilitia kabureta zote mbili katika mashine yake ya kuoshea vyombo. Zikatoka zinang'aa, nikazitazama kwa muda mrefu kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa nzuri mno kuzifunga ndani ya gari.

Mchana yai langu lilinuka petroli. La Muriel pia. Aliisukuma tu sahani yake upande wangu.

Gasketi, zile karatasi za kuzuia uvujaji kati ya vyuma, nimekata mwenyewe kutoka boksi la konfleksi. Ndivyo tufanyavyo sote wenye magari haya, tena Jumapili kanisani tunaulizana boksi la nani lilidumu zaidi. Kosa langu ni kwamba konfleksi zenyewe nilizimimina kwenye kofia ya bustani ya Muriel. Nilidhani ni bakuli! Ilikuwa imegeuzwa juu chini.

Oili bado inavuja kidogo. Si neno. Gari la namna hii likiacha kuvuja, ujue oili imekwisha.

Jumatano, 10 Juni

AMEWAKA!

Nilikuwa nimechuchumaa, mpira wa kumwagilia maua sikioni, nikisikiliza kabureta moja baada ya nyingine, maana mbili hizi lazima zivute pumzi kwa pamoja. Nikamwomba Muriel azungushe ufunguo. Kikohozi. Kikohozi kingine. Halafu, Mungu wangu, sauti! Nzito, laini, ya mtu mzima anayeota ndoto nzuri. Muriel akafunika mdomo kwa mkono. Macho yake yalikuwa na maji, akasingizia moshi.

Akaenda ndani akarudi na skafu ya kijani, akaijaribu mbele ya kioo cha pembeni. Nilimtazama hata sikuona kwamba nimekanyaga bomba la ule mpira likafunguka. Nimeloa hadi soksi. Sijali.

Furaha haikai. Kichwa cha Hedley kikachomoza juu ya ua. Akamsifia Rosalind! Akasema hiyo ndiyo sauti aliyoitamani toka utotoni, na kwamba kama Bi Muriel anaruhusu atapita Ijumaa kumwangalia kwa karibu, endapo Jumapili mambo yataharibika. Endapo! Muriel akamkaribisha na keki juu.

Nimeyaona macho ya mtu yule. Sasa anamtaka Rosalind kuliko mwanzo, na Muriel hupenda wanaume wenye kucha safi. Nimejiroga mwenyewe kwa kumwasha.

Alhamisi, 11 Juni

Nimelala kwenye nyasi mchana kutwa nikitazama mawingu. Hivyo ndivyo ninavyofikiri vizuri. Kuna wingu lilikuwa na madigadi yale yale ya Rosalind, nikalifuata kwa macho hadi Wales. Liliporudi akilini mwangu, lilirudi na mpango.

Mpango wenyewe ni huu. Hedley akija, Rosalind awe maiti. Asigutuke hata kidogo. Hedley atakata tamaa, ataondoka na tamaa yake, nami Jumamosi namfufua, Jumapili tunakwenda baharini. Hakuna atakayedhurika.

Na njia ninayo, ya marehemu baba. Wakati wa vita, kila mwenye gari hapa alitakiwa, akiegesha, aondoke na rota mfukoni ili Mjerumani akishuka kwa mwavuli kutoka angani asipate usafiri. Rota ni kidude kidogo cheusi ndani ya distributa, kinagawa moto kwa plagi. Bila hicho injini ni chuma baridi. Baba aliendelea kuitoa rota hadi anakufa, Wajerumani wameshakuja mara nyingi kama watalii.

Basi nimeitoa. Kuificha bandani, hapana, Hedley ana pua ya mbwa. Nimeitia ndani ya birika la chai la Shangazi Avis, lile lenye mdomo uliomeguka, rafu ya juu kabisa jikoni. Halijaguswa tangu mazishi yake. Leo nitalala usingizi mtamu.

Ijumaa, 12 Juni

Hedley kaja na leso yake, imekunjwa pembe nne. Kala keki vipande viwili. Kisha akainama juu ya injini, nami nikazungusha ufunguo kwa uso wa huzuni niliokuwa nimeufanyia mazoezi. Stata ikalalama, ikalalama, ikachoka. Kimya.

Nikajaribu tena. Kimya kitamu! Hedley akatikisa kichwa akasema pole sana, jirani, magari haya ni kama mashangazi, leo wazima, kesho hawaamki. Akaondoka taratibu. Nilikaribia kumpigia makofi.

Nikageuka kumtazama Muriel. Alikuwa amesimama mlangoni na ile skafu ya kijani mkononi. Alikuwa anaikunja. Akaikunja mpaka ikawa ndogo sana, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Akasema basi, Wilf. Hata hakunigombeza.

Hapo moyo ulinichoma, nakiri. Nilitaka kumwambia. Mdomo ukafunguka. Lakini dirisha la Hedley lilikuwa wazi, na mpango ni mpango. Kesho nitamshangaza, nikajisemea, na furaha inayokuja baada ya huzuni ni kubwa zaidi. Nikarudi bandani, nikakaa ndani ya Rosalind, nikamwomba radhi yeye badala ya mke wangu.

Muriel kashinda jioni nzima akipangua makabati. Kelele za vyombo. Nimemwacha apumue.

Jumamosi, 13 Juni

Rafu ya juu haina kitu!

Nimeuliza kwa sauti ya kawaida, ya mtu asiye na shida, birika la Shangazi Avis liko wapi. Muriel akasema kwa kuwa hatuendi popote kesho, ameona afanye la maana, kapeleka takataka zote za kabatini kwenye mnada wa vitu vikuukuu kanisani. Nikatoka mbio na ndara. Alipaza sauti nyuma yangu kuuliza tangu lini mimi na Shangazi Avis tunapendana hivyo, maana akiwa hai nilikuwa najificha chooni.

Ukumbini mwa kanisa, mama aliyekuwa akiuza akanipa pole. Birika lilikuwa la kwanza kuuzwa. Mnunuzi ni Bwana Poyner, hukusanya mabirika, kwani sijui? Miaka yote hii jirani! Sikujua. Sikuwahi kuingia ndani kwake.

Leo nimeingia. Hedley alikuwa mezani. Birika limeoshwa. Na pembeni, juu ya leso iliyopigwa pasi, katikati kabisa, imelala rota yangu. Hakusalimia. Aliuliza tu, kwa upole wa kuudhi, kama kwetu chai hunywewa na vipuri.

Nikajitetea. Nikasema ni mila ya baba yangu. Nikasema ni sababu za usalama. Akaniacha niseme mpaka maneno yaliponiishia, ndipo akasema atanirudishia kwa sharti moja: nisimame barabarani, mbele ya ua wake, niseme kwa sauti kwamba gari lake ni bora kuliko langu.

Nilifikiria kuondoka. Nikaiona ile skafu ikikunjwa. Nikatoka nje nikasema. Akasema hajasikia. Nikasema tena, kasisi akipita na baiskeli, akanipungia mkono. Moyoni nilisema kinyume chake, neno kwa neno. Kilichoniumiza ni kwamba madirisha ya banda yalikuwa wazi na Rosalind alisikia kila kitu.

Nikarudi nyumbani, rota mahali pake, injini ikanguruma. Nikamweleza Muriel nimegundua hitilafu ndogo sana ya umeme. Akajibu kwamba hitilafu hiyo anaifahamu, ilikuwa kwenye birika, Hedley kampigia simu. Nikangoja radi. Lakini akauliza tu kesho tunaondoka saa ngapi. Mwanamke wa dhahabu! Simstahili.

Jumapili, 14 Juni

Tumefika.

Sijui niandikeje. Ukungu ulikuwa bado mashambani tulipotoka. Rosalind aliteleza laini barabarani. Kila kilima akakipanda akiimba. Kondoo waligeuka kweli! Muriel alifunga skafu, halafu kabla ya Welshpool akaifungua, akaachia nywele zake nyeupe zipeperuke zinavyotaka. Mto ukapanuka, milima ikashuka hadi majini, na mbele yetu bahari, ya kijivu na ya fedha, ikitungoja kana kwamba haikuchoka.

Tulikula samaki na chipsi tumeketi juu ya ukuta wa ufukweni, miguu inaning'inia. Akaniwekea kichwa begani akasema ilistahili kungojewa. Kisha akasema, ila nusura, Wilf, nusura isistahili. Nikalia. Nikasingizia siki ya chipsi.

Kurudi akaomba usukani. Lo! Anaendesha kuliko mimi. Alicheka kila kona. Akapanga: kila Jumapili baharini. Alhamisi dada yake Enid naye apelekwe matembezi. Mimi nimekaa pembeni, mikono mapajani, nimeshiba, nimeridhika. Sikujua niifanyie nini mikono yangu.

Jumatatu, 15 Juni

Kimya bandani. Rosalind hadai kitu. Nikamwasha, akawaka mara ya kwanza. Nikamzima, nikamwasha. Mara ya kwanza tena. Nimefuta spana zote nikazipanga kwa ukubwa, kisha kwa urembo.

Nikajaribu kukaa na kufumba macho twende baharini. Haikuwezekana. Nilikuwa naona tu foleni ya matengenezo ya barabara njiani pale Mallwyd na yule bibi aliyetunyima siki ya pili.

Ndipo nikasikia. Tik. Ndani kabisa, chini, upande wa kushoto. Tik ndogo. Nikamwita Muriel. Akasema hasikii kitu. Nikamwita Hedley, akaja mpaka na leso, akasikiliza hadi shingo ikamkakamaa, akasema injini hii iko sawa kuliko yake. Alisema hivyo, mwenyewe, bila sharti! Lakini hawana sikio langu, maskini. Mimi niliisikia.

Hadi saa ya chakula injini yote ilikuwa juu ya meza ya kulia. Kila kipande kwenye sahani yake. Jua lilipita dirishani likaigusa krankishafti, ule mhimili mkuu wa injini, na nikawa na furaha ambayo hata Barmouth sikuwa nayo.

Muriel aliingia na ufunguo wa gari mkononi, kikapu cha Alhamisi cha dada yake tayari kimejaa. Akasimama. Nikamtuliza, nikamwambia ni jambo la tahadhari tu, ifikapo Pasaka Rosalind atakuwa barabarani.

Akanyanyua pistoni kutoka kwenye sahani ya mama yake, akaipima uzito kwa mkono, akauliza Pasaka ya mwaka gani.

Swali la haki kabisa. Nimemwahidi jibu ifikapo Krismasi.