Kuponi za Kantini na Familia ya Frogtown

Jumatatu, 3 Februari

Zamu ya kukaribisha ushirika wetu wa kanisa imenifikia. Jumamosi hii, kwangu, Saint Louis Park, Minnesota. Mwenye nyumba ndiye anayepika. Sheria hiyo haijaandikwa popote na haina msamaha. Alfred aliwahi kuagiza piza. Mpaka leo anaitwa Alfred wa Piza, hata kwenye maombi.

Mimi sijui kupika. Mara ya mwisho niliposonga ugali, wazima moto walikuja. Lakini Makena naye atakuja. Makena ni nesi wa wadi ya watoto katika hospitali yetu hapa Maplewood, na kabla ya Krismasi aliniuliza kama napenda viazi. Nimelitafakari swali hilo tangu siku ile.

Mchana nikapata wazo. Hospitali humpa kuponi ya chakula kila anayebaki kazini baada ya zamu yake kwisha. Kuponi moja, sahani moja, kantini ya ghorofa ya chini. Watu wanazisahau mifukoni. Nikizikusanya, ushirika wote utakula chakula kilichopikwa na wataalamu, na sifa zitakuwa zangu. Nani atajua? Mimi mwenyewe sijawahi kula kantini. Ni karani wa ofisi ya bili, nakula mkate mezani kwangu. Naogopa kukalia kiti cha mtu.

Jumanne, 4 Februari

Mgongoni mwa kuponi imeandikwa kwamba haruhusiwi kuitumia ila mwenyewe. Nilisoma, tumbo likanikata. Hilo la tumbo ndilo lililonipa maneno.

Nikamwendea Auntie Rahab wa wadi ya upasuaji. Ndiye mama wa ushirika na shangazi yake Makena. Nikamwambia nina vidonda vya tumbo, na daktari ameagiza nile mara kwa mara. Akanishika paji la uso. Akasema hata yeye alikuwa ameona, shingo imebaki kama ya kuku wa kuchinjwa. Akanipa kuponi zake zote na kuniombea pale pale kwenye korido.

Kwa Makena sikuweza kutaja vidonda. Mwanamume hajitangazi hivyo. Nikasema nakusanyia familia moja ya mtaa wa Frogtown yenye shida. Ilitoka tu. Makena akanipa kuponi zake na kusema, "Griffins, sikujua una moyo wa namna hiyo." Hata mimi sikujua.

Anicet wa chumba cha kufulia hakutaka hadithi yoyote. Ni mtu wa Uvira, Kongo, ambako kila karatasi ya mkubwa ina bei yake. Alinikatiza katikati. "Mdogo yangu, acha kuimba. Sema unanipa nini." Tumekubaliana nimfundishe kuendesha gari. Gari langu.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya vitonge vya nyama na viazi vya kuponda. Ishara njema, hasa viazi.

Kwenye mashine ya malipo hukaa Perpétue, Mkongomani kama Anicet. Nilipopita mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili nilikuwa nimevaa kofia. Akauliza kama sahani ile nyingine niliimeza pamoja na trei. Mara ya tatu nilivua miwani, nikagonga meza ya saladi. Akaniuliza kwa sauti ya kufika jikoni, "Papa, uko na mimba ao?"

Foleni nzima ikacheka. Natasha, msimamizi wangu, alikuwa anajipakulia supu. Nilisimama nyuma ya friji ya soda mpaka supu yake ikaisha.

Chakula nimekifunga kwa foili na kukiweka kwenye buti la gari. Friji yangu ni ndogo, lakini Februari ya Minnesota ni friji isiyo na bili ya umeme. Nimejipongeza.

Alhamisi, 6 Februari

Vitonge tena, safari hii na mchuzi mzito. Perpétue amenipa uma wa ziada, akasema ni wa mtoto.

Jioni, somo la Anicet kwenye maegesho. Nilimwambia akanyage breki polepole. Alikanyaga kama mtu anayeua nyoka. Nyuma kulisikika kishindo, kisha kitu kikawa kinamiminika. Nikafumba macho. Anicet akasema nisiogope, kioo cha mbele bado kipo.

Chakula cha leo kilikuwa cha moto. Kilimwagikia cha jana, na nilipofika nyumbani vyote vilikuwa vimeganda kuwa kitu kimoja chenye umbo la tairi la akiba.

Makena naye amenipigia simu. Anakusanya makoti kwa ajili ya familia ya Frogtown na anataka kujua saizi. Nikasema za kati. Wote? Nikasema ni familia ya watu wanaofanana.

Sikula mkate leo. Tumbo linauma kweli sasa.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Viti ni vya majirani, vimerudi kwao.

Asubuhi nilivunja lile tairi kwa nyundo, nikalitia kwenye sufuria kubwa, nikamwagia masala ya pilau. Nikaunguza kitunguu kando ili nyumba inukie jasho la mpishi. Wageni walipovua mabuti mlangoni nikawaambia ni pishi la mama yangu, la kwetu Siaya.

Zadock aliombwa abariki chakula. Zadock wa eksirei, mwenye ndevu zilizochongwa na sauti nzito, ambaye kila Jumamosi kiti chake hujikuta karibu na cha Makena. Alifunua sufuria, akanusa, akafumba macho. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama yake Griffins, ambaye bila kutoka Siaya ameweza kupikia pia kantini yetu, Jumatano na Alhamisi.

Auntie Rahab akasema amina kabla hajaelewa. Halafu akaelewa.

Hapo ndipo nilipong'amua kosa langu. Wote wanafanya kazi hospitali ile. Vitonge vile wanavifahamu kuliko beti za Tenzi za Rohoni.

Lakini walicheka, na kicheko kikawa cha heri. Kila mtu akaleta ushuhuda wake wa kuponi. Auntie Rahab hubeba juisi za watoto wa Sunday school, na watoto wanaamini kanisa lina kiwanda. Alfred humlipa kinyozi kwa keki za kantini. Anicet huchukua mayai ya kuchemsha, na kwake watoto wanadhani kuku wa Amerika hutaga mayai yaliyokwisha kumenywa. Nilianza kupumua. Nikajipakulia.

Auntie Rahab akaninyang'anya sahani. "Wewe na vidonda vyako? Unataka kutufia hapa?" Akatoa chupa ya uji aliyonibebea.

Makena akauliza vidonda gani. Auntie akasema ni vile vilivyomfanya anipe kuponi zake. Makena akasema kuponi ni za familia ya Frogtown. Anicet akaweka kijiko chini na kusema kwamba basi ni yeye peke yake aliyepata kitu cha kweli, na bado kurudi nyuma hajafundishwa.

Vichwa vyote vikanigeukia. Cha Makena kiligeuka mwisho, na hicho ndicho kilichoniuma.

Nikasema vidonda vimetokana na kuiwazia ile familia.

Zadock alikohoa kwa furaha.

Makena hakucheka. Alisema makoti yapo tayari kwenye gari lake. Jumamosi ijayo tutayapeleka pamoja, mimi na yeye. Akiikuta familia, ataniomba radhi mbele ya ushirika wote kwa anachokifikiria sasa hivi. Asipoikuta, nisimsalimie tena, hata kwenye lifti.

Nikanywa uji. Ulikuwa mtamu. Nilitamani kulia.

Jumapili, 9 Februari

Mahubiri yalikuwa juu ya kusema kweli. Mchungaji alinitazama mimi, au saa iliyo nyuma yangu. Nikaamua kukiri. Nilimwandikia Makena ujumbe mrefu, wa heshima, wenye aya. Nikausoma tena. Uliandikwa vizuri sana, ila ndani yake nilionekana mwongo. Nikaufuta.

Kisha nikampigia Anicet. Ana binamu, Elisée, anayeishi Frogtown na mkewe Mutesi na watoto. Elisée ana kazi nzuri na gari kubwa kuliko langu, lakini ni mtu mwelewa. Amekubali kuwa na shida Jumamosi, kuanzia saa tisa mpaka tutakapoondoka. Gari litalala kwa jirani. Televisheni itafunikwa shuka. Watoto watavaa makoti ya Makena hata kama hayawatoshi, na watanishukuru kwa jina. Mimi nitamfundisha Anicet kurudi nyuma.

Mutesi peke yake ndiye aliyetia ugumu. Alichukua simu mikononi mwa mumewe akasema shida ni sawa, atakuwa nayo, lakini mgeni hawezi kuingia nyumbani kwake akatoka bila kula. Akataka kujua apike nini.

Nikamwambia asihangaike kabisa. Chakula nitaleta mimi. Kuponi za Makena bado ninazo.