Mfalme Asiyetoka Majini

Inatangazwa kwa furaha kubwa kwamba Kamati ya Tathmini ya Picha imeipitisha opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, ya kwanza kurekodiwa nchini, baada ya kuitazama kwa makini bila sauti.

Bila sauti, maana sauti ina kamati yake, ghorofa ya pili. Kutazama huku unasikia ni kuingilia kazi za watu. Na Mwenyekiti wa Kamati ya Picha hakutaka ugomvi na mtu, hasa sasa ambapo kiti cha Mkurugenzi Mkuu kilikuwa wazi na Waziri anatafuta wa kukikalia.

Mfalme wa opera hiyo hakuvaa taji. Alikaa ndani ya hodhi la kuogea mwanzo hadi mwisho, povu likimfika kidevuni, huku raia wamepanga foleni na ndoo vichwani. Wanammwagia, wanarudi nyuma ya foleni.

"Huyu mbona hatoki majini?" aliuliza Katibu, mama asiyejua kuzungusha maneno.

"Msafi," alijibu Mwenyekiti.

"Na hao wa ndoo wanaimba nini, wamekunja sura hivyo?"

"Hilo la ghorofa ya pili."

"Ghorofa ya pili wote wako semina. Mzee, tufungulie sauti kidogo tu, tusije tukaumbuka."

"Mama, unanitafutia kesi?"

Mwenyekiti akaandika tathmini mwenyewe: uongozi safi, ushirikishwaji wa wananchi katika usafi wa kiongozi, nidhamu ya foleni ya kupigiwa mfano. Akapendekeza opera ioneshwe mbele ya Waziri, umma ukaribishwe.

Umma ukajaa. Mabomba ya mtaani yalikuwa yamekauka muda mrefu, na ukumbini kulikuwa na feni.

Picha ikaanza, safari hii na sauti yake. Mfalme akaimba kwamba maji huwa matamu yakitoka kwa wengine. Wenye ndoo wakaitikia:

"Oga, baba, oga. Sisi tutalamba umande."

Waziri akageuka taratibu. "Mwenyekiti. Hii ndiyo nidhamu ya foleni?"

"Mheshimiwa, kwa upande wa picha..."

"Zima."

Mwenyekiti akazima alichokuwa na mamlaka nacho. Picha ikapotea. Sauti ikaendelea, kwani swichi yake hufungiwa kabatini, na wa ghorofa ya pili walishaiwasha wakarudi semina na funguo. Ukumbi ukawa giza totoro. Gizani mtu mmoja akaitikia, kisha mstari mzima, kisha hakuna aliyejua nani haimbi.

Asubuhi hiyo mke wa Mwenyekiti alikuwa amempimia maji kikombe kimoja, anawe uso na apigie mswaki. Wimbo ukamwingia bila hodi.

Katibu akapapasa ukuta, akawasha taa. Midomo yote ikafungwa papo hapo, isipokuwa mmoja.

"...tutalamba umande," aliimba Mwenyekiti, kwa besi nzito.

Waziri akamtazama. "Kumbe na wewe umo."

"Kwetu pia hayatoki, Mheshimiwa."

Ukurugenzi ulikuwa umeshaota mbawa. Mwenyekiti akakohoa, akalegeza tai, akaona heri amalizie ubeti. Ukumbi mzima ukamwitikia, taa zikiwaka, kila mtu akionekana. Waziri, aliyewekwa katikati ya mstari wa mbele kwa heshima yake, akatafuta pa kupitia, akakosa. Magoti ya watu yalikuwa pande zote, na hakuna aliyeyasogeza.