Mpaka Mpya Ndani ya Bustani

Watu wa Kindu, furahini! Bustani yetu ya kale, ile waliyoiacha Wabeleji kando ya Lualaba, sasa ina mpaka wa kisanaa. Aliyeuweka ni mimi, Ferdinand, Mkurugenzi wa Sanaa na Mandhari. Mpaka wenyewe ni kamba ya nailoni. Upande huu maua, upande ule sombe, majani ya muhogo ya Mama Odile, anayolima tangu wakati wa vita, mji ulipozingirwa na majani yale yakatushibisha sote. Lakini wataalamu wa ofisi yangu, yaani mimi, walithibitisha kwamba sombe si mandhari. Ingeng'olewa siku ya ufunguzi, baada ya hotuba.

"Ferdinand, mwanangu," Odile akaniambia, "hii sombe ulikula mpaka ukaota ndevu!"

"Mama, hii njo sanaa."

Mlinzi wa mpaka hakupatikana, nikamkabidhi Mama Odile ncha ya kamba, maana yuko pale kila siku. Nikasaini na sheria: hata mukubwa haingii wala hatoki bila mwaliko wenye muhuri wangu na ruhusa ya mshika kamba.

Siku ikafika. Fanfari, wageni wa Kinshasa, Waziri wa Mkoa mbele. Akaiona kamba. Loo! Mtu aliyeishi hapa Kindu wakati wa vita, askari walipofunga njia kwa kamba, haruki kamba iliyokinga njia. Waziri akasimama, akavua kofia, akatoa mikono mifukoni. Sisi nyuma tukafanya vilevile, hata mpiga tarumbeta.

"Munatoka wapi?" Odile akauliza.

"Bureau, Mama, ofisini. Tunaomba njia," Waziri akajibu.

"Na sombe yangu?"

"Inabaki! Haki ya Mungu, inabaki!"

Kamba ikashuka. Wageni wa Kinshasa wakapiga makofi kama wehu. Mmoja alilia, akasema hajaona sanaa nzito namna hii. Nikainama kupokea sifa.

Jioni wakatoka wote, mialiko mkononi. Nilipofika mimi, kamba ikapanda.

"Mwaliko?"

"Mama, miye njo mwenye kualika!"

"Basi jialike."

"Muhuri uko bureau!"

"Bureau iko upande gani?"

"Ule."

"Pole, baba. Sheria njo sheria."

Niko hapa bado, naendesha ofisi katikati ya matuta. Nimekabidhiwa jembe. Chakula ni sombe, na ni tamu, siwezi kusema uongo. Jana Waziri alipita barabarani, nikampungia mkono kwa nguvu. Akasimama, akavua kofia, akamsalimu Mama Odile.