Chungu cha Mwanangu

Jumanne, tarehe 12 Novemba

Nimefika! Mimi, Fusae Kurimoto, muuza achari, niliyeishia darasa la tisa, nimekaa kwenye nyumba ya wageni ambayo wenzangu huiona kwenye kalenda tu.

Bahati nasibu ya maduka ya mtaani kwetu. Nikazungusha mkono wa pipa la mipira ya bahati, mpira wa dhahabu ukadondoka, kengele ikapigwa, watu wakanipigia makofi. Wakanipa kijitabu: chagua nyumba moja kati ya ishirini, malazi ya usiku tatu. Mwingine angechagua pwani. Mimi nikachagua hapa, chini ya hekalu la mlimani, kwa sababu jikoni humu yumo mwanangu Kazuma.

Kazuma hajui kuwa nimekuja. Mwezi wa nane, alipokuja nyumbani kwa sikukuu ya kuzipokea roho za marehemu, alinikataza. Mama, nenda popote duniani, kazini kwangu usije. Kwa hiyo kwenye kitabu cha wageni nimejiandika Bi. Asahina. Ndilo jina la daktari aliyening'oa jino. Lilinijia tu.

Jambo lenyewe ni hili. Jikoni kwao mtu haruki ngazi. Miaka miwili kuosha vyombo, miwili kumenya, miwili kuchoma samaki. Kazuma amefika kwa samaki. Sasa mzee aliyeshika chungu cha vitu vya kuchemsha anastaafu, na Ijumaa asubuhi mpishi mkuu, Mzee Iwakura, atampa chungu hicho ama Kazuma wangu ama mtu mmoja anayeitwa Nagatomo. Mwenye chungu ndiye mpishi. Wengine ni mikono tu. Nikajiuliza, mtoto apigane vita hii peke yake, mama yake yuko hai?

Kabla ya chakula nilienda kuoga. Nikajisugua kwanza pembeni, mara mbili, wasije wakasema Bi. Asahina ni mchafu, ndipo nikaingia kwenye chemchemi. Loo! Maji yana rangi ya maziwa. Ukungu unashuka kutoka kwenye mierezi, mvuke unapanda, vinakutana juu ya kichwa changu, na baada ya muda sikujua kipi ni kipi. Wala mimi ni nani. Kurimoto? Asahina? Jani jekundu likanitua begani, likakaa. Nilipokumbuka nimekuja kufanya nini, vidole vilikuwa vimekunjamana kama plamu za achari.

Chakula kililetwa chumbani na Tamiko, mhudumu wangu, msichana mwepesi wa kupiga magoti. Bakuli la tatu: magimbi ya kuchemsha! Laini kama shavu la mtoto mchanga. Ni mkono wa Kazuma, nani asiyejua? Nikamwambia Tamiko akamwambie mpishi mkuu, neno kwa neno, kwamba aliyepika haya amelelewa na mama wa maana sana.

Akaenda. Akarudi anacheka. Mzee Iwakura anashukuru, na Nagatomo ameona haya hadi masikio yamewiva.

Nagatomo!

Sikuuliza zaidi. Nimelala na hasira kwenye godoro laini kuliko yote niliyowahi kulalia.

Jumatano, tarehe 13 Novemba

Hasira haidumu kwenye maji haya. Asubuhi niliingia nikiwa nimekunja uso, nikatoka natabasamu peke yangu. Mbele yangu bonde lilikuwa limejaa ukungu mpaka ukingoni, vilele vya mierezi vikielea juu yake bila mashina. Kwa mbali, ngoma ya hekaluni. Bibi mmoja mwenye kitambaa kichwani aliniambia kwamba ukikaa humu vya kutosha, unasikia mlima ukipumua. Nikakaa. Nikausikia. Baadaye ikawa ni yeye, amesinzia.

Lakini akili ya mama hailali. Kama nimempandisha Nagatomo kwa maneno, nitamshusha kwa maneno. Leo magimbi yakija, nitayakosoa.

Yakaja. Nikaonja. Na yalikuwa na chumvi kweli! Sikuhitaji hata kudanganya. Nikafurahi kama mtoto. Nikamwambia Tamiko kwa sauti ya mtu mwenye dereva kwamba magimbi haya yamepikwa na maji ya bahari, na kwamba nyumba yenye jina kama hii inapaswa kuangalia sana inampa nani chungu.

Tamiko akanyauka. Bi. Asahina, kweli niyaseme hivyohivyo? Hivyohivyo, binti yangu.

Hazikupita dakika kumi. Mlango ukasogezwa. Mzee Iwakura mwenyewe amepiga magoti, mweupe kuanzia kofia mpaka soksi. Nyuma yake, aliyepika, paji la uso limegusa mkeka. Nikajiandaa kumtazama huyo Nagatomo.

Nilikifahamu kisogo. Nimekinyoa mwenyewe miaka kumi na mitano.

Kumbe wanapokezana! Jana mmoja, leo mwingine, wajaribiwe. Mbona hakuna aliyeniambia?

Kazuma aliinua kichwa. Akaniona. Uso wake haukusogea hata kidogo, nami nikaona fahari, Mungu anisamehe, adabu gani ile! Akasema anaomba radhi sana kwa mgeni wetu mheshimiwa, kosa ni lake peke yake. Mimi nikajibu si kitu, si kitu, na nikala magimbi yote mbele yao, moja baada ya jingine, machozi yakinilenga. Mzee Iwakura alidhani ni chumvi. Akaagiza chai.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba

Alfajiri nilipanda hekaluni. Ngazi mia mbili na kitu, zimeota kuvumwani, na ukungu mzito kiasi kwamba kila ngazi ilijitokeza pale tu mguu ulipoitafuta. Nilihisi napanda usingizini. Hata magoti hayakuuma.

Nikapiga makofi mawili kumwamsha mungu. Kisha nikanunua kibao cha kuandikia maombi. Hapo nikafikiri sana. Kwa binadamu naweza kuwa Asahina, lakini mungu lazima ajue baraka aipeleke wapi. Jina kamili, anuani kamili. Ukikosea, itapokelewa na jirani. Basi nikaandika kwa herufi kubwa, nzuri, maana mwandiko ninao:

"Mimi Fusae Kurimoto, duka la achari, karibu na kinyozi, naomba mwanangu Kazuma Kurimoto wa jikoni hapo chini apewe chungu. Nagatomo naye apate kazi nzuri, lakini mbali. Yale magimbi niliyakosoa kwa bahati mbaya. Samahani kwa kujiita Asahina."

Nikakitundika mbele kabisa, ambapo mungu hatakikosa.

Mama mwenye nyumba, Bi. Shigeno, naye hakukikosa. Hupanda kila asubuhi kuuombea mlango wake wageni.

Saa nne alikuja chumbani na chai. Kimono cha rangi ya mvua. Akamimina taratibu, akasogeza kikombe, akasema, "Karibu, Bi. Kurimoto."

Sikupata pa kujificha. Hata mvuke haukuwepo.

Hakugomba. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema yeye naye ana mtoto, yuko mjini, hapigi simu. Angejua anafanya kazi wapi, angevaa hata ndevu akamtazame. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia Kazuma alijua toka Jumanne. Ile salamu ya mama wa maana ilipofika jikoni, koleo lilimdondoka. Asubuhi hii amekiri kwake kwamba alisema moyoni, huyu ni mama. Na jana mkono wake ulitetemeka juu ya chupa ya mchuzi wa soya siku nzima.

Kwa hiyo ile chumvi ni mimi.

Nikamsihi anipeleke kwa Mzee Iwakura nimweleze. Akakataa kwa upole. Dada yangu, alisema, yule mzee haamui kwa masikio, anaamua kwa ulimi. Kaoge.

Nikaoga. Maji yalikuwa yaleyale ya maziwa. Nilikaa humo muda mrefu, mvua nyembamba ikinidondokea usoni, nikamwona Kazuma wa miaka sita amesimama kwenye kigoda, anakoroga sufuria yangu, ananiuliza, mama, tayari? Mama, sasa tayari? Nikamjibu kwa sauti, bado kidogo, mwanangu. Yule bibi wa kitambaa akageuka, akanitazama.

Ijumaa, tarehe 15 Novemba, asubuhi

Chungu kimekwenda kwa Nagatomo.

Kazuma alinibebea begi hadi kituo cha basi. Tulitembea ndani ya ukungu, yeye mbele, mimi nyuma. Afadhali angegomba. Hatimaye akasema magimbi yalikuwa na chumvi kweli. Nikasema najua. "Basi hukudanganya, Mama." Akacheka kidogo, kisha macho yakamjaa. Miaka sita, alisema, na siku moja tu ya kuonyesha. Mzee Iwakura amemwambia asubiri hadi masika, msaidizi wa keki za samaki wa kusaga anaondoka, nafasi za jikoni zitapangwa upya, huenda ajaribiwe tena.

Akanishika mikono. Nyumbani nifanyie lolote, Mama, niogeshe ukitaka. Ila huku niache nisimame mwenyewe. Uniahidi.

Nikaahidi. Kwa moyo wote. Basi likaja. Aliliinamia basi kwa heshima mpaka likapotea, mtoto wangu yule, aliyelelewa vizuri namna ile!

Ijumaa, ndani ya treni

Nimelia mpaka stesheni ya tatu. Kisha akaketi kando yangu mama mmoja mtulivu, Bi. Morishige, mwalimu wa kupanga maua. Akanipa chungwa. Akaniuliza natoka wapi. Nikamtajia nyumba.

Akasema lo, pale! Anatafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi wake wa maua, wanawake kumi na mmoja, wote walaji, wote wasemaji. Chakula chao je?

Ahadi niliikumbuka. Nasema kweli, niliikumbuka, ikapita dirishani na mashamba ya mpunga. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilimwambia kijana anayeshika chungu pale, Kazuma Kurimoto, ni maajabu, na kwamba wakifika wamwite kwa jina, wote, kwa sauti.

Wanakwenda mwezi wa tatu, mwanzo wa masika. Kwa kuwa hawaijui njia, nimekubali kuwaongoza. Kazuma nilimwahidi sitakuja peke yangu, au nilisema nini vile? Yote ni mamoja. Sauti kumi na tatu!

Atafurahi sana.