Ombi la Kurefusha Safari ya Ndege

Ndugu Meneja wa Ratiba za Ndege,

Pokea salamu za mzee asiyeweza tena kufunga vifungo vya shati lake, ila kulalamika bado anaweza.

Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu. Kwa heshima zote, safari yenu kutoka uwanja wa hapa hadi kule anakoishi binti yangu ni fupi mno, nayo imeniaibisha kama ifuatavyo:

1. Mtaa mzima nimeuambia kwamba safari hiyo huchukua siku tatu, ndiyo maana binti haji. Waliniamini; wengi wao niliwafundisha mimi. Juzi jirani yangu, fundi cherehani, akafungua simu yake: "Mwalimu, mbona hapa wanasema saa tisa na dakika kumi? Au hizo siku tatu ni za baiskeli?" Wateja wake walicheka hadi mmoja akajichoma na pini.

2. Mnaandika kilometa elfu saba. Mimi nilipima kwa uzi kwenye ramani ya ukutani, nikapata zaidi ya elfu tisa. Najua, najua: ramani bapa huinyoosha dunia, uzi hupitishwa juu ya tufe. Nimewachapa watoto wa watu kwa kosa hilohilo. Tufe ninalo, liko juu ya kabati. Sikutaka kulishusha.

3. Kama ni saa tisa tu, basi si umbali unaomzuia. Foleni ya daktari wa mifupa nimeikalia zaidi ya hapo. Itabidi atafutwe mkosaji mwingine, na nyumba hii ina mshukiwa mmoja, naye ana meno manne.

Niseme kweli, maana naelekea kule kusikohitaji tiketi. Binti aliacha kazi ya ualimu niliyomhangaikia, akaenda kutengeneza injini za ndege. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Ukienda, usirudi." Miaka kumi na mmoja sasa. Tangu azaliwe, hilo ndilo agizo langu pekee alilolitii.

4. Hivyo naomba ndege itue kila palipo na lami, isubiri abiria waliochelewa, hata wale ambao hawajaamua kusafiri, mpaka zitimie siku tatu. Sitawasumbua sana; daktari haahidi kwamba nitaziona mvua zijazo. Nikishazikwa, rukeni moja kwa moja mpendavyo.

Nisalimieni marubani, wahudumu, na yule anayerusha masanduku.

Wenu wa mbali,
Mwalimu mstaafu, ambaye wanafunzi walimwita "Baba Ramani"

N.B. Fundi cherehani, niliyempa barua hii aiposti, ameisoma, akaipiga picha, akamtumia binti yangu, ndipo akanirudishia. Mmbeya mkubwa. Binti amejibu: "Baba, kumbe ulikuwa unaningoja? Nafika Ijumaa."

Tafadhali chaneni ombi langu. Ila hizo saa tisa na dakika kumi, Ndugu Meneja, huko juu mnafanya nini muda wote huo? Nimelishusha tufe, nimepima upya kwa uzi. Njia ya mkato lazima ipo.